Mkono Nao Upimwe
Mhadhara kuhusu watoto wenye maradhi ya misuli na neva katika wilaya za Handeni na Korogwe



Hoja yangu leo ni moja, nami naitaja mapema ili mpate kuipima kadiri ninavyoendelea. Nasema kwamba mtoto mwenye maradhi ya misuli au ya neva, awe wa Handeni au wa Korogwe, anastahili kupimwa mikono kwa utaratibu maalumu, kwa kurudiarudia, na upimaji huo uanze wakati bado anatembea. Nasema pia kwamba kazi hiyo inawezekana katika zahanati na hospitali tulizonazo, kwa vifaa vinavyopatikana jikoni na darasani. Kinachotukwamisha ni mazoea yetu ya kuangalia. Mtoto anapoletwa kwa sababu ya udhaifu, swali la kwanza la kila mtu, kuanzia bibi yake hadi daktari, ni kama anatembea. Akiwa anatembea, tunapumua. Akiwa hatembei, tunamtafutia kiti cha magurudumu na kulifunga jalada. Mikono haiulizwi. Nitaonyesha kwamba mazoea haya tumeyarithi kutoka kwa ugonjwa mmoja, polio, na kwamba yalikuwa na maana kwa ugonjwa huo, lakini yanawadhulumu watoto wenye maradhi ya namna nyingine.

Handeni ina historia yake katika jambo hili. Kwamkono, penye hospitali ya misheni ya Mtakatifu Francis, ilianzishwa hosteli kwa ajili ya watoto waliopooza kwa polio, ili wapate malezi, matibabu na masomo. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilitokana na ufahamu sahihi wa ugonjwa ule. Kirusi cha polio huua seli za neva zinazoamrisha misuli ndani ya uti wa mgongo. Kinashambulia kwa siku chache, pamoja na homa, kisha kinaondoka. Madhara yake hubaki palepale, na mara nyingi zaidi hubaki miguuni kuliko mikononi. Kwa hiyo mtoto wa polio alikuwa, kwa kawaida, mtoto mwenye mguu uliosinyaa na mikono yenye nguvu. Misaada yote iliyobuniwa kwa ajili yake ilijengwa juu ya mikono hiyo: magongo ya kwapani, vyuma vya mguuni vinavyofungwa kwa mkono, kiti kinachosukumwa na mwenyewe, na ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono ambayo bado tunaiona barabarani Korogwe na Handeni. Hata namna ya kupima nguvu ya msuli kwa kiganja cha mpimaji ilizaliwa kwenye polio. Wilhelmine Wright, akifanya kazi na daktari Robert Lovett huko Boston, aliieleza mwaka 1912 kwa ajili ya watoto waliopooza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likaipa sura tuliyoizoea, ngazi sita kuanzia sifuri hadi tano.

Mfumo wetu wa kitaifa wa kufuatilia kupooza nao umejengwa kwa umbo la polio. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayepooza ghafla hutolewa taarifa, sampuli mbili za choo huchukuliwa ndani ya siku 14, na baada ya siku 60 mtoto huchunguzwa tena kuona kama udhaifu umebaki. Mfumo huu umefanya kazi kubwa. Kwa njia hiyo tunajua kwamba polio ya asili ilionekana nchini mara ya mwisho mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ikathibitishwa kuwa haina polio. Kirusi cha asili kilipogunduliwa Malawi mwaka 2022, na kile kinachotokana na chanjo kilipogunduliwa Rukwa mwaka 2023, ulinzi huohuo ndio uliotuwezesha kuchukua hatua. Sitaki mtu atoke hapa akidhani ninaudharau. Nataka tuone mipaka yake. Unatafuta kupooza kwa ghafla, na baada ya siku 60 kazi yake imekwisha. Mtoto ambaye udhaifu wake ulianza bila homa, bila tarehe, ukaongezeka msimu hadi msimu, haingii kabisa katika daftari hilo.

Sasa tumtazame mtoto huyo. Mfano unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa Duchenne, uliopewa jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni iliyo katika kromosomu X, ndiyo maana huwapata karibu wavulana peke yao, takriban mmoja katika kila wavulana 5,000 wanaozaliwa. Mwili wa mgonjwa hautengenezi protini inayoitwa distrofini, ambayo huzilinda nyuzi za msuli zisichanike kila msuli unapojikaza. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara, mashavu ya miguu huonekana manene, na akitaka kuinuka kutoka sakafuni huweka mikono magotini na kupanda juu ya mapaja yake mwenyewe. Bila dawa, wengi huacha kutembea kabla ya miaka 13. Wakati macho yote yako miguuni, mabega yake tayari yameanza kulegea. Udhaifu wa mkono katika Duchenne una njia yake: huanza begani, hushuka hadi kwenye kiwiko, na vidole huwa vya mwisho. Mama hugundua kwamba akimwinua mwanawe kwa kumshika makwapani, mtoto anamteleza mikononi, kwa kuwa mabega hayajikazi. Kisha mtoto haweki tena begi juu ya kabati, halafu shati la shule linakuwa tabu kuvaa, halafu kikombe kinakuwa kizito.

Mtoto wa namna hii tukimtibu kwa macho ya polio, tunampa msaada usiomfaa. Magongo yanahitaji mabega ambayo hana. Baiskeli ya kuzungusha kwa mikono inadai nguvu ileile inayomwondoka. Kiti cha kujisukuma kinaweza kumfaa kwa muda mfupi, kisha kikawa kiti cha kusukumwa na nduguye, na katika barabara za mchanga za vijijini Handeni maana yake ni kwamba mwanafunzi mwingine naye ataanza kukosa shule. Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyetoa kiti alipima miguu akaona haina nguvu, akadhani mikono ni mizima. Hapo ndipo ulipo uzito wa hoja yangu: kutopima mkono kunazaa maamuzi mabaya yenye gharama, na gharama hiyo hulipwa na familia.

Ulimwengu wa utafiti nao uliwahi kuteleza hapohapo. Kwa miaka mingi majaribio ya dawa za Duchenne yalipima umbali ambao mtoto anatembea kwa dakika sita. Kipimo hicho ni kizuri kwa anayetembea, ila kilimweka nje ya utafiti kila kijana aliyekwisha kukalia kiti, kana kwamba hana tena cha kupoteza wala cha kuokolewa. Wazazi na wataalamu walilipinga jambo hilo, na mwaka 2013 kikachapishwa kipimo kipya cha utendaji wa mkono kwa ajili ya Duchenne. Toleo lake la pili lina alama 42: bega 12, kiwiko 17, kifundo na vidole 13. Matokeo ya jaribio moja la tiba ya seli yaliyotoka mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalihukumiwa hasa kwa alama za kiwiko. Kwa watoto wenye ugonjwa wa neva za uti wa mgongo unaonyausha misuli, ambao wengine hawakutembea hata siku moja maishani, kuna kipimo cha mkono kilicho sawa na hicho. Waliobobea wamekubali kwamba maisha ya mtoto hayaishii miguu inapoishia. Kwa kijana aliye kwenye kiti, mkono ndio unaomlisha, unaoandika mtihani, unaogeuza ukurasa, unaofukuza nzi usoni, na unaobonyeza simu kumwita mtu usiku.

Tupime nini basi? Mkono unaweza kupimwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni nguvu ya msuli mmoja mmoja, kwa zile ngazi sita nilizozitaja. Ngazi ya tatu ni msuli unaoweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe, ya tano ni nguvu kamili, na ya nne ni kila kitu kilicho kati ya hizo. Kasoro iko hapo. Ngazi ya nne ni pana mno, kiasi kwamba mtoto anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kwa miaka miwili huku kadi ikiendelea kusoma nne. Kwa polio, ambapo madhara yamesimama, upana huo haukuleta shida kubwa. Kwa ugonjwa unaosonga, unaficha kile hasa tunachokitafuta. Namna ya pili ni kupima mkono unafika wapi: juu ya kichwa, usawa wa macho, usawa wa bega. Ya tatu ni kuangalia mtoto anautumia mkono kwa kazi gani. Nashauri wilaya zetu zianze na hii ya tatu, zikiisaidia kwa ya pili, na kuiacha ya kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kipimo rahisi kipo tangu mwaka 1981, nacho kilitokana na kazi ya daktari Michael Brooke na wenzake nchini Marekani. Kina madaraja sita. Daraja la kwanza ni mtoto anayeinua mikono yote miwili kupitia pembeni, ikiwa imenyooka, hadi ikutane juu ya kichwa. La pili ni anayefika juu kwa kukunja viwiko au kwa kujisaidia na misuli mingine. La tatu ni asiyefika juu ya kichwa, ila anainua glasi ya maji, takriban robo lita, hadi kinywani, hata kwa mikono miwili. La nne ni anayefikisha mkono kinywani ukiwa mtupu, lakini glasi inamshinda. La tano ni asiyefika kinywani, ila anashika kalamu au kuokota sarafu mezani. La sita ni yule ambaye mikono haimfanyii tena kazi ya maana. Zinatosha dakika chache, kikombe, maji ya robo lita, kalamu na sarafu za shilingi mia mia. Hakuna zahanati Tanzania inayokosa vitu hivyo.

Urahisi huo una masharti yake. Kipimo kina thamani endapo kinafanywa kwa njia ileile kila mara. Mtoto aketi kwenye kiti kilekile, miguu ikigusa chini, mgongo ukiegemea, meza ikiwa usawa wa kiwiko; akipimwa leo kwenye mkeka na baada ya miezi sita kwenye benchi, tofauti itakayoonekana inaweza kuwa ya kiti. Kiasi cha maji kisibadilike. Kila mkono uandikwe peke yake. Hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya ugenini havilitaji: watoto wetu wengi wamelelewa kula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto wamekatazwa kupeleka chakula kinywani. Ukimwambia mtoto apeleke mkono wa kushoto mdomoni mbele ya bibi yake, anaweza kusita kwa adabu, nawe ukaandika kwamba ameshindwa. Mwambie aguse pua, au ajikune kichwa. Jambo la mwisho ni kutazama jinsi kazi inavyofanyika. Mtoto mwerevu hufidia udhaifu: huinamisha kiwiliwili upande mmoja kuurusha mkono, hukitegemeza kiwiko kwa mkono mwingine, au hushusha kichwa. Mpimaji ajiulize: je, mkono ulikwenda kinywani, au kinywa ndicho kilichoufuata mkono? Jibu hilo liandikwe kando ya daraja, kwa sababu kujifidia hutangulia kushindwa.

Najua yapo mapingamizi, nayo si mepesi. La kwanza ni kwamba maradhi haya ni adimu, na muuguzi wa zahanati ana foleni ya malaria, wajawazito na chanjo. Tufanye hesabu. Wilaya yenye vizazi 10,000 kwa mwaka ina wavulana kama 5,000, na kwa kiwango nilichokitaja mmoja wao atakuwa na Duchenne. Kwa miaka 15 hao ni watoto kama 15, kwa ugonjwa mmoja tu. Waongezeni wenye maradhi mengine ya misuli, walioumia mishipa ya bega wakati wa kuzaliwa na waliobaki na udhaifu baada ya kupooza ghafla. Bado si wengi, na uchache huo ndio unaoifanya kazi iwezekane. Simwombi muuguzi awapime watoto wote. Namwomba ampime yule aliyekwisha kuletwa kwa sababu anaanguka au amechelewa kutembea, mara mbili kwa mwaka.

Pingamizi la pili ni kwamba kipimo hiki hutegemea juhudi ya mtoto. Akiwa na njaa, amechoka kwa safari, au anaogopa koti jeupe, hatainua mkono. Ni kweli kabisa, na dawa yake ni utaratibu: apumzike kwanza, aonyeshwe kwa vitendo, ajaribu mara tatu na lililo bora liandikwe, na mara kwa mara wapimaji wawili wampime mtoto mmoja bila kuonyeshana majibu. Utaratibu wa namna hiyo haujapita uwezo wetu. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, lenye watoto 15,459. Pale watoto wa vijijini walifuatiliwa kwa miaka, kwa daftari lisilosamehe uzembe. Wilaya iliyoweza kufanya hivyo kwa malaria haiwezi kusema kwamba haiwezi kuandika daraja moja hadi sita kwenye kadi.

Pingamizi la tatu ni la vijana wa teknolojia, nao wanauliza kwa nini tusumbuke na kikombe wakati kamera inaweza kupima. Wana sababu. Nchini Marekani watafiti walitumia kamera ya michezo ya video iitwayo Kinect kuchora eneo lote ambalo mkono wa mgonjwa unaweza kulifikia, na leo simu ya mkononi inaweza kufanya kazi inayofanana na hiyo. Naikaribisha simu, hasa kwa kumtumia mtaalamu wa hospitali ya Bombo, Tanga, au ya KCMC, Moshi, video fupi ili asaidie kutoa uamuzi. Lakini utengenezaji wa Kinect ulisimamishwa mwaka 2017, na kituo kinachoegemea chombo cha namna hiyo peke yake kinaweza kubaki na kipimo kisichoweza kurudiwa. Tena kamera inajua mkono umefika wapi. Haijui kama mtoto amekunywa uji. Tuanze na kile kitakachokuwepo miaka 20 ijayo, kisha chombo kije kuongeza.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote, na mara nyingi husemwa na wazazi wenyewe: kuna faida gani kuandika kila miezi sita kwamba mwanangu anapungukiwa, ikiwa hakuna tiba? Swali hili linastahili jibu la kweli. Tiba ya kuondoa Duchenne haipo katika hospitali zetu, na dawa mpya za jeni zina bei ambayo hata mataifa tajiri yanailalamikia. Moja, ya ule ugonjwa wa neva za uti wa mgongo, iliingia sokoni Marekani mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni mbili. Hata hivyo yapo mengi kati ya kuponya na kutazama tu. Prednisoloni, dawa ya bei nafuu, huchelewesha kupotea kwa nguvu endapo itatolewa chini ya uangalizi wa daktari, na uamuzi wa lini ianze hutegemea kujua mtoto yuko wapi katika safari yake. Kunyoosha viungo kila siku husaidia kuchelewesha viwiko na vidole kukakamaa, nako hufaa zaidi kabla havijakakamaa. Kwa mtoto anayejulikana kuwa na ugonjwa huu, daktari wa usingizi ataepuka dawa fulani zinazoweza kumwua mezani, na moyo wake utaangaliwa mapema.

Kipimo cha kurudiwa pia humtenga mtoto ambaye hakupaswa kuwa katika kundi hili. Udhaifu wa Duchenne huongezeka kwa mpangilio. Ikiwa mkono wa mtoto unaanza vizuri asubuhi na kulegea jioni, au unachoka haraka akiagizwa auinue kwa dakika moja, tufikirie miasthenia, ugonjwa wenye dawa. Ikiwa mabega yamelegea kwa miezi michache tu na usoni kuna vipele, huenda ni uvimbe wa misuli, ambao nao unatibika. Bila kumbukumbu ya jinsi mkono ulivyokuwa, watoto hawa wanazama ndani ya neno moja, ulemavu, na nafasi ya kuwatibu inapita. Mzazi anayeuliza faida ya kupima aelezwe pia hili.

Kuna shule pia. Mtoto wa daraja la tatu anahitaji meza iliyoinuliwa ili viwiko viegemee, na daftari lisogezwe karibu. Wa daraja la tano bado anaandika, polepole, na anastahili muda wa ziada kwenye mtihani. Ombi lake litakuwa na nguvu zaidi likiwa na kumbukumbu za miaka mitatu kuliko barua ya siku moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu pamoja na mazingira yanayomfaa. Haki hiyo inabaki kuwa maneno hadi mwalimu aambiwe kwa uwazi kwamba mtoto huyu mkono wake unafika hapa, hivyo ubao, meza na kalamu viwe hivi.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, uchunguzi wa siku 60 wa mtoto aliyepooza ghafla uongezewe daraja la kila mkono, na mtoto yeyote aliyebaki na udhaifu, au ambaye udhaifu wake haukuanza ghafla, aandikwe kwenye daftari jipya la wilaya badala ya kufutwa. Pili, Hospitali ya Magunga mjini Korogwe na hospitali ya wilaya Handeni kila moja iteue siku moja katika kila robo ya mwaka ambapo mtaalamu wa fiziotherapia anawaona watoto hawa wote. Kati ya miji hii miwili kuna kilomita 65 za lami, ilhali Moshi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Korogwe. Kumbebesha mama mtoto mgongoni hadi huko kwa ajili ya kipimo cha kikombe ni kumwadhibu. Rufaa ibaki kwa kile ambacho wilaya haiwezi: kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli pale kisipopatikana, kipimo cha jeni na uchunguzi wa moyo. Tatu, hakuna kiti, baiskeli wala gongo litakalotolewa kwa mtoto, iwe na serikali, kanisa, msikiti au mfadhili, kabla mikono yake haijapimwa na daraja lake kuandikwa kwenye fomu ya maombi. Hili la tatu halihitaji bajeti mpya. Linahitaji mstari mmoja kwenye fomu iliyokwishachapishwa, na maafisa ustawi wa jamii walioketi katika ukumbi huu wanaweza kuuongeza wiki hii.